Wimbo wa Maji

Faridah alisema Ernestina ana wimbo wa kumvua mtu nguo.

Alilisema hilo kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo lao la Hopkins, Minnesota, mashine mbili zikizunguka na ya tatu ikiwa imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Hakuwa na haraka. Alisema kama mtu anayekata haluwa, asiyetaka hata chembe ibaki kwenye kisu.

"Wimbo wa Kihindi, shoga. Tena si Kihindi kile cha sinema tulizokulia nazo. Hiki ni cha kusini huko, Kitelugu. Akiupiga tu, yule bibi wa watu anasimama, anajivua. Mbele ya wakwe, mbele ya wajukuu, mbele ya kuhani wao. Akabaki kama alivyozaliwa."

"Kama alivyozaliwa?" Brightness aliuliza. Alikuwa anakunja suruali za mwanawe.

"Wallahi, Mama Leah. Na mimi nimekaa Tanga, mambo haya siyasikii kwa mara ya kwanza. Mtu hamvui mwenzake kwa wimbo hivihivi, kuna kitu kimefanywa." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mwingine. "Na wanasema aliyeitoa siri ni mtu wake wa karibu. Kikulacho, mama, hakitoki mbali."

Brightness aliikunja suruali ileile mara ya pili. Aliutambua uvumi ule kama mtu anavyoitambua sufuria yake kwenye jiko la jirani. Ulikuwa wake. Alimsimulia mumewe, Cleophas, siku aliyorudi na lori lake kutoka Nebraska, akiwa mezani anakula. Cleophas akawapelekea wenzake Brooklyn Park. Huko ukalishwa ukanona, ukaongezewa kuhani na uchi, kisha ukarudi Hopkins kwa mdomo wa Faridah. Uliondoka mwembamba, umerudi na matiti.

Maana bibi yule hakufika uchi. Aliishia kwenye blauzi na gagulo. Brightness alikuwepo.

Siku hiyo ya kufua, barua ya kaunti ilikuwa bado haijaja. Kaunti ilikuwa inachunguza kama Ernestina alimtesa mgonjwa. Ikiamua kwamba ndiyo, jina lake lingeingia kwenye orodha, na aliyemo kwenye orodha ile hakuna ejensi ya wahudumu wa wagonjwa itakayomchukua tena: haogeshi mzee, halishi mgonjwa, hamfuti mtu mate kwa mshahara, mpaka kufa kwake. Na Ernestina hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Alizaliwa Kamachumu, na alipofika Saint Paul miaka ishirini na mmoja iliyopita, alikuja kusoma biashara. Mwaka wa pili mjomba aliyemlipia karo akafa, na vitabu vikafia hapohapo. Akaanza kuosha vyombo kwenye nyumba ya wazee. Siku moja wafanyakazi hawakutosha, akaambiwa aache masufuria akamwogeshe mzee mmoja mkali aliyekuwa mwanajeshi. Akarudi baada ya nusu saa, na mzee yuko nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, amechanwa nywele, anauliza kama kuna keki. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye masufuria.

Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye sauti ya chini na mikono mipana iliyokuwa na joto hata Januari. Taulo alilitia kwanza kwenye mashine ya kukaushia, likatoka lina moto, ndipo akamfunga nalo mgonjwa. Watoto wa wagonjwa walikuja kwa ndege siku za msiba na kumuuliza yeye mama yao alipenda gauni gani.

Brightness alifika Hopkins akiwa na miaka ishirini na mbili, darasa la saba la Meru na Kiingereza cha salamu. Ernestina ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Ndiye aliyempeleka hospitali kumzaa Leah, Cleophas akiwa safarini, theluji ikipiga kioo kama mtu anayerusha unga. Na ndiye aliyemtafutia kazi ya Jumamosi.

"Mzee usimshike kifundo cha mkono," alimwambia siku ya kwanza. "Askari ndio wanaoshika kifundo. Wewe mpe kiganja, kiache wazi. Akushike yeye."

Mzee mwenyewe alikuwa Amma. Ndivyo walivyomwita nyumbani, maana yake mama. Mwanawe, Phani, alikuwa mtu wa kompyuta, na alimtoa kwenye mji wao wa kando ya mto Godavari akamleta Apple Valley, ng'ambo ya mto wa Minnesota, kwenye nyumba yenye vyoo vinne na gereji ya magari matatu. Mwaka wa tatu akili za Amma zikaanza kuondoka. Kiingereza kilitangulia, kikafuata majina ya wajukuu, ikafuata tofauti ya asubuhi na jioni. Alichobakiwa nacho ni Kitelugu kidogo na woga wa maji.

Kwa nini maji, hakuna aliyejua. Akionyeshwa bafu alipiga, aling'ata, alijishikilia kwenye fremu ya mlango mpaka kucha zikavunjika. Wahudumu watatu walikimbia katika miezi minne, mmoja akiwa na kidole kilichoshonwa. Ernestina alikuwa wa nne.

Na katika nyumba ile kulikuwa na zile nyimbo.

Zilikuwa nyimbo sita za filamu moja ya Kitelugu iliyovuma sana miaka michache nyuma. Ilikuwa filamu ya mwisho Amma kuiona akiwa na akili zake. Walimpeleka sinema, familia nzima, na shujaa alipotokea watu wakarusha juu karatasi zilizochanwachanwa, kama wanavyofanya kwao, na Amma naye akarusha. Alikuja nazo zimejaa kwenye pochi. Kwa hiyo Phani alizihifadhi nyimbo zote sita kwenye spika ya jikoni. Mkewe alimwambia Ernestina siku ya kwanza: hizi anazipenda, mpigie.

Ernestina hakujua hata neno moja la nyimbo zile. Alichokijua ni kila wimbo unamfanya nini Amma. Wa kwanza, wa ngoma, ulimfanya afumbue macho. Wa pili ulianza na filimbi peke yake, halafu mwanamke akaimba kwa sauti ya chini, na Amma aliposikia filimbi ile alisimama, akayumba taratibu, akanyoosha mkono kama mtu anayeombwa kucheza. Asubuhi moja Ernestina alimpa kiganja. Amma akakishika. Wakaenda hivyo, wanayumba, Ernestina anafuatisha kwa mdomo maneno asiyoyajua, wakapita ukumbini, wakapita kwenye korido, na Amma alipokuja kuyaona maji alikuwa tayari ameketi ndani yake na sabuni iko mgongoni.

Hapakuwa na kelele wala damu. Ernestina alilia ndani ya gari. Alimpigia Brightness simu hata kabla ya kuwasha injini.

"Nimepata ufunguo, Mama Leah."

Ufunguo ukafungua kila mlango. Wimbo wa kwanza ukawa wa kuamka. Wa pili ukawa wa maji. Wa tatu ukawa wa dawa, na wa nne, ambao ni mfupi, ukawa wa nepi. Mkewe Phani aliwahi kucheka na kumwambia kwamba ule wa nne ni kijana anamwomba msichana asiolewe na mwingine. Ernestina aliitikia kwa kichwa, lakini kwake ulibaki wa nepi. Wa tano na wa sita hazikupewa kazi. Zilikuwa za Amma mwenyewe, za kusikiliza tu, ila mara nyingi saa za kazi ziliisha kabla hazijafikiwa.

Brightness alijifunza hivyo Jumamosi. Hata Leah aliogeshwa kwa wimbo wa maji, kwa sababu Ernestina alikuwa akimlea siku ambazo Brightness yuko kazini, na mtoto akaushika ule mlio wa filimbi kabla hajashika alfabeti.

Sasa, Brightness ni mtu wa kuona. Hasemi sana, lakini anaona. Aliona kwamba majira ya joto Amma aliimba pamoja na spika, na majani yalipoanza kuanguka akawa anaguna tu, na theluji ya kwanza ilipoanguka akanyamaza. Aliona vidole vya miguu vikijikunja ndani ya ndara filimbi inapoanza. Halafu, mwezi wa Desemba, aliona Amma hasubiri tena kuvuliwa. Filimbi ikilia, anasimama mwenyewe, anachomoa pini ya sari begani, anaibana kwa meno, anaanza kujivua huku macho yako sakafuni. Brightness alikumbuka shule. Kulikuwa na msichana darasani kwao aliyechapwa mara nyingi mpaka ikawa mwalimu akitaja jina lake tu, ananyoosha kiganja.

Alimwambia Ernestina mara moja tu.

"Da Tina, naona Amma haimbi tena."

Ernestina alikuwa anakunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ni ugonjwa," alisema. "Ugonjwa unamla."

Na kazi ilikuwa rahisi. Waliliacha hapo.

Mwezi wa Februari familia ilifanya sherehe. Kwao mtu akiishi mpaka ameona mwezi mpevu mara elfu moja, yaani kama miaka themanini na mmoja, watoto wake humfanyia heshima kubwa. Phani alikodi ukumbi Apple Valley. Walikuja watu mia mbili, wengine kwa ndege kutoka Dallas na New Jersey. Amma aliketishwa mbele kwenye kiti chenye maua, amevaa sari ya hariri ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, kuhani akasoma, wajukuu wakamgusa miguu mmoja mmoja. Ernestina na Brightness walialikwa, wakaketi safu ya nyuma. Ernestina alikuwa amevaa sari aliyopewa na mkewe Phani. Alikuwa anajiangalia mapajani kila mara, kama mtu aliyepakata kitu kizuri.

Baada ya chakula Phani alishika kipaza sauti. Alisema mama yake amesahau mengi lakini kuna kitu kimoja hajakisahau. Wajukuu wawili, mapacha wa miaka tisa, wakaingia mbele wamefunga njuga miguuni, wakawaelekea wageni.

Filimbi ikaanza.

Brightness alihisi mkono wa Ernestina ukimshika goti. Haukumgusa tu. Ulimshika.

Amma alisimama. Ukumbi ukapiga makofi. Watu walidhani anataka kucheza. Akapeleka mkono begani, akachomoa pini, akaibana kwa meno upande wa kushoto, kama kila siku. Akaanza kuizungusha sari. Makofi hayakukatika mara moja, yalipungua mkono kwa mkono, mpaka akabaki mzee mmoja wa nyuma asiyeona vizuri anapiga peke yake. Hariri ya kijani iliendelea kushuka, inalala sakafuni duara juu ya duara. Na wale mapacha waliendelea kucheza, wanatabasamu, kwa sababu walikuwa wamempa bibi yao mgongo na hakuna aliyewaambia waache. Phani alikuwa anatafuta simu ya kuuzima muziki, na haikuwa mfukoni mwake.

Ernestina alikimbia na shali. Wengine wote walikuwa wameketi. Yeye peke yake alikimbia. Angeketi, labda mpaka leo angekuwa na kazi.

Amma alimwona anakuja. Akatoa pini mdomoni. Akaunganisha viganja vyake viwili mbele ya kifua, akaviinua mpaka kwenye paji la uso, akasema neno ambalo wote ukumbini walilielewa isipokuwa watu wawili.

"Vaddu. Vaddu, amma, vaddu."

Ernestina alikuwa amelisikia neno lile kila siku ya Mungu, na alilichukulia kama mlio wa Amma wa majini. Maana yake ni sitaki, usinifanyie. Mtu mzima wa miezi elfu alikuwa anamwita mhudumu wake mama, na kumwomba.

Ernestina akafanya kitu kimoja alichojua kumfanyia mtu mwenye hofu. Alinyoosha kiganja, akakiacha wazi.

Amma akaacha kuomba. Akaweka mkono wake kwenye kile kiganja na kuanza kutembea, kwa blauzi na gagulo, mbele ya watu mia mbili, kuelekea jiko la ukumbi. Kule jikoni kulikuwa na mtu anaosha sufuria, na bomba lilikuwa wazi.

Mkewe Phani aliwafikia mlangoni. Alimfunika mama mkwe. Hakupaza sauti.

"Kila siku?" alimuuliza Ernestina.

"Kila siku, saa nne," Ernestina alijibu. Alidhani anaulizwa habari ya kuoga.

Mchunguzi wa kaunti alikuja kwa Brightness siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kompyuta ya mapajani, na mkalimani alikuwa kwenye simu, Mkenya mwenye mafua. Leah, wa miaka mitatu, alikuwa chini ya meza na vikombe vyake.

"Ulimwona Ernestina akitumia muziki kumlazimisha mgonjwa kuoga?"

"Alikuwa anapiga muziki," Brightness alisema.

"Mgonjwa alionekana kuogopa?"

"Vidole vya miguu vilijikunja."

Mchunguzi aliandika hilo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, na mkalimani akapiga chafya kwanza ndipo akatafsiri: "Na wewe mwenyewe, siku zako za Jumamosi?"

Brightness alisikia friji ikinguruma. Alifikiria cheti chake cha uhudumu, alifikiria mtoto, alifikiria Cleophas atasema nini.

"Hapana," alisema. "Mimi namwogesha kimya."

Yote aliyosema siku ile yalikuwa kweli isipokuwa hilo moja, na hilo moja ndilo lililomfunga mwenzake. Wahudumu wawili wakifanya jambo moja, hayo ni mazoea, na mazoea mtu hufundishwa kuyaacha. Akilifanya mmoja peke yake, huo ni ukatili.

Chini ya meza Leah alianza kuimba. Alianza na filimbi, kwa midomo iliyobana, kisha sehemu ya mwanamke, neno kwa neno, Kitelugu kitupu. Brightness hakuthubutu kumtazama. Mchunguzi aliinama, akatabasamu. Hakuwahi kuusikia wimbo ule. Kazi yake ilikuwa karatasi.

"Ana sauti nzuri," alisema.

Wiki iliyofuata ejensi ikampigia Brightness. Nyumba ya Apple Valley inataka mtu anayemjua mgonjwa. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, kama yuko tayari. Alikuwa tayari.

Alikuta nyimbo zimefutwa kwenye spika. Phani alimwambia mwenyewe, akiwa amesimama karibu na sinki: albamu ile isisikike tena kwenye nyumba hii, hata kwa kuguna, na atakayeipiga asirudi kesho yake. Brightness alisema ameelewa. Na saa nne ilipofika, Amma aling'ang'ania fremu ya mlango, Brightness akampa kiganja, Amma akakipiga. Akampa tena. Akapigwa tena. Muda wa kuoga ulikuwa saa moja, na dakika arobaini zilikuwa zimeshapita. Akamshika kifundo cha mkono. Alimshika cha kulia, kisha cha kushoto, akamvuta, na Amma alilia tangu mlangoni mpaka mwisho. Jioni Brightness akaandika kwenye fomu: ameoga. Kilio hakikuwa na mahali pake kwenye fomu.

Barua ilikuwa bado haijaja wakati Wanjohi, rafiki wa Cleophas, alipombatizisha mwanawe. Walikutana nyumbani kwake Brooklyn Park Jumapili mchana, viatu vimejaa mlangoni, watoto wamejaa ngazini. Hakuna aliyetegemea Ernestina atakuja. Alikuja. Alikuwa amebeba sufuria ya ndizi kwa nyama, ameifunga kwa taulo, na aliingia akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi.

"Shikamoo, Da Tina," wasichana wawili walisema, kisha wakakimbilia jikoni kucheka.

Wanjohi alikuwa karibu na televisheni na simu mkononi. Alikuwa mcheshi, na mcheshi akishapata kitu hawezi kukiacha.

"Hebu tu-welcome auntie vizuri," alisema. "Nimeitafuta hii ngoma, nikaipata. Sasa leo tuone nani anaoga."

Filimbi ikatoka kwenye spika za televisheni, kubwa kuliko Brightness alivyowahi kuisikia.

"Aki Wanjohi, wacha," mkewe alisema, lakini alikuwa anacheka.

Cleophas akasimama. Alikuwa na soda yake mkononi, akaiweka chini taratibu. Akapeleka mkono begani, akajifanya anachomoa kitu, akachukua kijiti cha kuchokolea meno mezani, akakibana mdomoni. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, macho sakafuni, anayumba. Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja alijifuta machozi. Mtu akasema, "Muwashieni maji," na kicheko kikaanza upya.

Ernestina alikuwa bado na sufuria. Alikuwa anakitazama kile kijiti.

Kwenye ukumbi wa Apple Valley hapakuwa na mtu wa Afrika Mashariki isipokuwa wawili. Habari ya pini ya kwenye meno haikuwemo kwenye maneno ya Faridah, wala kwenye maneno ya mtaani. Hiyo aliijua mtu aliyekuwa anamwogesha Amma. Ernestina aliondoa macho kwa Cleophas, akayapeleka polepole chumba kizima mpaka yakamfikia Brightness kwenye kochi, mtoto mapajani.

Brightness alikuwa anacheka. Hakujijua kama anacheka mpaka alipotazamwa. Alijaribu kuufunga mdomo, ukachelewa.

Ernestina akaweka sufuria mezani. Akatafuta upawa. Akawapakulia watu, sahani kwa sahani, Wanjohi kwanza kwa sababu ni mwenye sherehe, kisha Cleophas na vifungo vyake wazi. Walikula. Walizisifu ndizi.

Barua ilikuja Alhamisi ya pili ya Machi. Kaunti ilisema ndiyo, na jina likaingia kwenye orodha.

Jumamosi yake Ernestina aligonga mlango wa Brightness saa tano asubuhi. Cleophas alikuwa safarini. Leah alimkimbilia akamkumbatia miguu.

"Auntie Tina, bath song!"

"Leo hapana, mama," Ernestina alisema, akamshika kichwani.

Hakuvua koti. Alileta mfuko wa vitu vya Leah vilivyobaki kwake: sweta, kikombe, taulo dogo la njano. Alisema amepata kazi ya kufua kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Anaanza Jumatatu.

"Ni shuka tu," alisema. "Shuka halikuogopi."

Brightness alikuwa amesimama katikati ya sebule na hakujua aiweke wapi mikono yake. "Da Tina, nikuwekee chai."

"Mumeo alikosea."

"Nini?"

"Pini. Aliiweka kulia. Amma anaibana kushoto."

Brightness alianza kulia. Ernestina alimwacha alie, kama anavyoachwa mgonjwa amalize kukohoa. Hakumpa kiganja.

"Nisamehe. Da Tina, nilimfikiria mtoto. Nilisema..."

"Najua ulilosema. Nimelisoma. Walinitumia maelezo yote, na kile kipande cha vidole vya miguu kikining'inia mwishoni." Aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Vidole vya miguu uliviona lini?"

"Majani yalipoanza kuanguka."

"Mimi niliviona mwezi wa nane."

Leah alikuwa amelitoa taulo la njano kwenye mfuko, analifunga dubu wake. Wote wawili walimtazama.

Kisha Ernestina akamshika Brightness mkono, akaupandisha mkono wa sweta. Kulikuwa na mikwaruzo mitatu mirefu, mmoja ulikuwa bado mbichi. Aliisoma kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani.

"Unamshika kifundo," alisema. Halikuwa swali.

"Hakubali kiganja. Nimejaribu. Saa inakwenda, Da Tina, na nyimbo wamezifuta. Wamesema nikiipiga hata moja, nisirudi."

"Na hiyo pia najua." Aliushusha mkono wa sweta akaulaza vizuri, kama anavyowavika wazee. "Sikuja kuombwa msamaha, Mama Leah. Mimi sina mahali pa kuuweka. Nimekuja kukuomba kitu, na ukikifanya utaipoteza nyumba ile, nakwambia kabisa usije ukasema sikukwambia."

Brightness alijifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Siku moja, ukishamwogesha, ukishamvika, ukishamlisha, dawa ameshakunywa, hakuna kazi iliyobaki, toa simu yako. Mpigie ule wa pili. Atasimama. Atachomoa pini. Usimkataze, usimguse, usiseme neno. Wewe kaa chini mbele yake, mikono uiweke mapajani, aione yote miwili. Mpaka wimbo uishe na maji hayajaja. Halafu mpigie tena."